Mtoto wa Jicho

Ukimtazama mzee aliyepofuka kwa mtoto wa jicho, utaona katikati ya jicho lake, mahali panapopaswa kuwa peusi, pana weupe kama maziwa. Wengi hudhani kwamba ni ngozi iliyoota juu ya jicho, tena kwamba yaweza kuoshwa kwa maji ya majani. Sivyo. Weupe huo umo ndani, nyuma ya mboni.

Huko nyuma ya mboni kuna kitu kidogo kiangavu, chenye upana wa milimeta 10 hivi. Huitwa lenzi, neno litokalo katika Kilatini, maana yake dengu; na kwa umbo chafanana na dengu kweli. Kazi yake ni kukusanya mwanga na kuutupa nyuma ya jicho. Hakina mshipa wa damu hata mmoja, maana damu ingeuzuia mwanga. Hulishwa na maji yanayokizunguka.

Ajabu yake ni hii: ngozi yetu huchakaa ikabadilishwa, lakini lenzi haitupi kitu. Kila mwaka huongeza tabaka jipya juu ya yale ya zamani, kama mti unavyonenepa. Basi kiini cha lenzi ya babu yako kilifanyika angali tumboni mwa mama yake! Mtu apatapo miaka 40 na zaidi, lenzi imekuwa ngumu, naye huanza kusoma kitabu akikiweka mbali. Hapo miwani yatosha. Lakini protini za lenzi zazidi kuchakaa; zamani zilijipanga sawasawa, sasa zashikamana, kama ute wa yai ugeukavyo mweupe motoni. Jua kali, tumbako na ugonjwa wa kisukari huharakisha jambo hilo.

Ugonjwa huu hauumi. Kwa hiyo jamaa hungoja, na mara nyingi mjukuu hutolewa shuleni ili amshike babu fimbo.

Ute wa yai uliopikwa haurudi kuwa maji. Vivyo hivyo hakuna dawa ya matone iwezayo kuisafisha lenzi. Tangu kale walikuwapo watu wenye sindano, walioisukuma lenzi chafu ikaanguka ndani ya jicho. Wako hata leo, hasa Afrika ya Magharibi. Mgonjwa huona nuru, akashangilia, akalipa. Baadaye jicho huvimba na kuoza, na wengi hupofuka kabisa. Jihadharini nao!

Mganga Mfaransa Jacques Daviel alianza kuitoa lenzi nje ya jicho mwaka 1747. Tarehe 29 Novemba 1949, mjini London, Harold Ridley alitia lenzi ya plastiki mahali pa ile ya asili. Alikuwa ameona kwamba vipande vya plastiki vya madirisha ya ndege za vita, vilivyoingia machoni mwa marubani, havikuyachochea macho. Leo kazi hiyo huchukua muda mfupi, mgonjwa akiwa macho, bila kusikia maumivu.

Lakini si kila upofu ni mtoto wa jicho. Mwenye ugonjwa huu, hata akishindwa kumtambua mwanawe, bado hutofautisha mchana na usiku. Mzee asiyeuona hata mwanga wa tochi ana ugonjwa mwingine ndani zaidi, nao mganga wa macho hana budi kuutafuta kwanza.