Kisukari Kinachokuja Taratibu: Vidonge Vikishindwa, Usikimbilie Kujilaumu

Leo katika safu yetu ya afya tuzungumze juu ya kisukari, lakini si kile ambacho wengi mmeshakisikia. Hiki kinawapata watu wazima, kinaanza polepole kikijifanya kisukari cha kawaida cha ukubwani, na mwisho wake kinadai insulini. Wataalamu wanakiita LADA kwa kifupi. Wengine wanakiita kisukari cha aina ya moja na nusu.

Nimekichagua kwa sababu kimempata mtu ninayemfahamu. Na mimi mwenyewe, pamoja na unesi wangu wa zaidi ya miaka ishirini, nyumbani Tanzania na hapa Uingereza, nilimkosea. Amenipa ruhusa nieleze, ila jina lake tuliweke pembeni.

YALIYOMPATA DADA YETU

Dada huyu alikuwa na miaka 41, akifanya kazi ya usiku ya kutunza wazee. Ni mwembamba tangu usichana wake. Alianza kuona kiu isiyokwisha, kuamka usiku kwenda haja ndogo, na nguo zikaanza kumpwaya. Mnawajua watu wetu. Mtu akipungua kilo mbili tatu minong'ono inaanza, na kabla hajafika hospitali wenzake walishampima UKIMWI kwa macho.

Alipopimwa, sukari ilikuwa juu. Akaambiwa ni kisukari cha aina ya pili, akapewa metformin, baadaye akaongezewa gliclazide. Kwa miezi minane hivi sukari ilitulia. Kisha ikaanza kupanda tena: 12, 15, 18 (mlioko Marekani zidisheni kwa 18 mpate vipimo vyenu). Akaacha ugali, akaacha chapati, akaacha sukari kwenye chai. Sukari haikushuka. Kila akienda kliniki anaulizwa anakula nini, na akijibu anaona wazi kwamba haaminiki.

Kwenye shughuli moja ya harusi alikataa pilau. Nikamtania mbele za watu: "Hapa unakataa, ukifika nyumbani unajipakulia." Watu wakacheka. Yeye hakucheka, na tangu siku hiyo akaacha kuniambia habari za sukari yake.

Baada ya miezi miwili alianza kutapika akiwa kazini, tumbo linamuuma, anahema kama mtu aliyetoka mbio. Alifikishwa hospitali damu yake imejaa asidi. Hapo ndipo daktari mmoja alipoagiza kipimo ambacho hakuna aliyekuwa amekifikiria, na majibu yakaeleza kila kitu. Dada hakuwa anakula kwa siri. Mwili wake ulikuwa unaishiwa insulini.

NI KISUKARI GANI HIKI?

Nyuma ya tumbo tuna kiungo kinachoitwa kongosho. Ndani yake kuna seli zinazotengeneza insulini, na insulini ndiyo inayoiwezesha sukari kutoka kwenye damu na kuingia mwilini ikafanye kazi.

Katika kisukari cha aina ya pili insulini ipo, ila mwili hauitikii vizuri, na kadiri miaka inavyokwenda kongosho linachoka. Katika aina ya kwanza, kinga ya mwili inageuka na kuziharibu seli zile. Kwa mtoto jambo hili huweza kujitokeza ghafla, wiki chache tu. Katika LADA ni uharibifu ule ule, lakini unakwenda taratibu, miezi hata miaka. Ndiyo maana mwanzoni vidonge vinasaidia: insulini kidogo bado imebaki.

Kwa kawaida mtu huhesabiwa ana LADA akitimiza mambo matatu: kisukari kimempata akiwa na zaidi ya miaka 30, damu yake ina kingamwili zinazolishambulia kongosho, na amekaa angalau miezi sita bila kuhitaji insulini. Jina hili lilianza kutumika mwaka 1993.

Msidhani ni jambo la nadra sana. Katika utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza, ambao matokeo yake kuhusu kingamwili yalichapishwa mwaka 1997, karibu mtu mmoja kati ya kumi walioambiwa wana aina ya pili alikutwa na kingamwili hizi. Kwa wenye umri wa miaka 25 hadi 34 waliokuwa na kingamwili ziitwazo GAD, asilimia 84 walihitaji insulini ndani ya miaka sita. Wenzao wasio nazo walikuwa asilimia 14 tu.

NANI AJIULIZE?

Zungumza na daktari wako ikiwa:

- Kisukari kilikupata kabla ya miaka 50.
- Wewe ni mwembamba, au unapungua bila kukusudia.
- Wewe au ndugu yako wa damu ana ugonjwa mwingine wa kinga, kama wa tezi ya shingo, au kisukari cha aina ya kwanza.
- Unafuata masharti na kumeza dawa, lakini sukari inazidi kupanda.

Dalili moja peke yake haitoshi, na unene haukuondoi kwenye orodha. Wako wanene wenye LADA.

VIPIMO VYA KUOMBA

Mwambie daktari hivi: "Naomba tuhakikishe kisukari changu ni cha aina gani. Je, naweza kupimwa kingamwili za GAD na C-peptidi?" Ni haki yako kuuliza, wala si kumdharau daktari.

Kipimo cha GAD kinaonyesha kama kinga inalishambulia kongosho. C-peptidi inaonyesha ni insulini kiasi gani mwili wako bado unatengeneza. Mwaka 2020 jopo la wataalamu wa kimataifa lilishauri kwamba mwenye LADA ambaye C-peptidi yake iko chini ya 0.3 nmol/L atibiwe kama mwenye aina ya kwanza, yaani kwa insulini. Akiwa juu ya hapo, kipimo kirudiwe kila baada ya muda, kwa sababu hali inabadilika.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi hasa. Ule utafiti wa 1997 uliangalia Wazungu. Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya utafiti kutoka Kameruni, Uganda na Afrika Kusini: kati ya vijana walioonekana kuwa na kisukari cha aina ya kwanza, karibu theluthi mbili hawakuwa na kingamwili zinazopimwa kwa kawaida, ingawa insulini yao ilikuwa kidogo. Kwa hiyo ukipimwa GAD ukaambiwa huna, lakini unakonda na sukari haishuki, usiridhike. Uliza habari za C-peptidi.

Jambo la pili ni kipimo cha HbA1c, kile cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu. Kama una selimundu, hata kama umerithi upande mmoja tu na huumwi, au una upungufu wa G6PD, kipimo hiki kinaweza kuonyesha sukari ndogo kuliko ilivyo kweli. Mambo haya ni ya kawaida kwetu Afrika Mashariki. Mwambie daktari, asingoje kugundua mwenyewe.

MATIBABU, NA HOFU YA INSULINI

Wengi wetu tunaiogopa insulini. Tumeona nyumbani mjomba ameanzishwa sindano, haukupita muda akakatwa mguu, na tukasema sindano ndiyo iliyommaliza. Ukweli ni kwamba alianzishwa amechelewa, sukari imeshaharibu mishipa kwa miaka mingi. Insulini si adhabu wala si dalili ya mwisho. Kwa mwenye LADA ni kumrudishia mwili kile alichonyang'anywa.

Kuhusu vidonge, metformin huenda ukaendelea nayo. Zile zinazolikamua kongosho litoe insulini zaidi, kama glibenclamide na gliclazide, hazishauriwi kwa LADA. Na kuwa mwangalifu na dapagliflozin na empagliflozin. Kwa mtu ambaye insulini yake imepungua sana zinaweza kuleta asidi kwenye damu hata kipimo cha sukari kikiwa hakijapanda sana. Usiache dawa yoyote peke yako, lakini kama unazimeza na una wasiwasi na aina ya kisukari chako, piga simu kliniki leo.

KUISHI NACHO

Sukari ikishuka chini ya 4: utatetemeka, utatoka jasho, utachanganyikiwa. Kunywa glasi ndogo ya juisi au vijiko vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15, rudia kama haijapanda. Wafundishe watoto na mwenzio wa kazini.

Ukiumwa: homa au kuharisha kunapandisha sukari hata usipokula. Usiache insulini ya muda mrefu, hata kama huli kitu. Pima ketoni. Zikiwa zaidi ya 1.5, piga simu kliniki. Zikifika 3, au ukiwa unatapika, unahema kwa nguvu na pumzi inanuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, nenda hospitali mara moja. Usingoje kupambazuke.

Dawa za asili: mlonge na habasoda ni vyakula vyetu na sina ugomvi navyo. Lakini hakuna unga wala maji ya kunywa yanayorudisha seli zilizokufa. Anayekuambia acha sindano ufuate dozi yake, mkimbie.

Ramadhani: mwenye kisukari cha namna hii yuko kwenye hatari kubwa akifunga. Zungumza na kliniki wiki sita hadi nane kabla, si usiku wa kuandama mwezi.

Safari ya nyumbani: insulini iwe kwenye mkoba wa mkononi, kamwe usiiweke kwenye sanduku la chini ya ndege, ikiganda imeharibika. Beba mara mbili ya unayohitaji pamoja na barua ya daktari, kwani kalamu unayotumia huenda usiipate huko. Pasipo na friji, chungu cha udongo chenye maji kinasaidia kuipoza. Iweke kwenye kichupa kilichofungwa, isilowe.

KWA MLIOKO UINGEREZA

Aina iliyoandikwa kwenye faili lako ina maana kubwa. Tangu 2022 mwongozo wa hapa unataka kila mtu mzima mwenye aina ya kwanza apewe nafasi ya kutumia kifaa cha kubandika mkononi kinachosoma sukari mchana na usiku. Ukiwa umeandikwa aina ya pili kimakosa, huenda usiambiwe kabisa. Kwa England, anayetumia dawa za kisukari halipii dawa, ila lazima ajaze fomu apate cheti. Ukianza insulini na unaendesha gari, wajulishe DVLA, pima kabla ya kushika usukani na kila masaa mawili njiani, na usiondoke ikiwa chini ya 5.

MWISHO

Dada yetu sasa anatumia insulini. Kilo zimerudi, bado anafanya kazi, na pilau anakula kwa kipimo chake. Nilikwenda kwake kumwomba radhi. Akanikaribisha chai, akaniambia, "Dada, sindano haziumi. Kilichoniuma ni kuonekana mwongo."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli. Lakini tujiulize pia, nani alimfanya afiche? Ukiona ndugu yako anakonda na sukari haimshuki, usimhesabie matonge. Msindikize kwa daktari, akaulize vile vipimo viwili.

Makala hii ni ya kuelimisha tu, haichukui nafasi ya daktari wako. Tukutane tena panapo majaliwa. Tunzeni afya zenu, ndio mtaji tuliokuja nao ugenini.