Mikono Iliyojenga Mkonge Sasa Imezeeka

Japan na Italia zina wazee wengi na vijana wachache, hivyo zinaajiri wageni. Mkoa wetu wa Tanga unalo funzo juu ya jambo hili.

Mashamba ya mkonge yalikosa mikono. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha SILABU, ofisi ya kuajiri manamba kutoka mbali: Kigoma, Rwanda, Burundi hata Msumbiji. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000. Kisha nyuzi za plastiki zikashusha bei, na mwaka 2000 uzalishaji haukufika tani 30,000. Kazi iliisha, lakini si wote waliorudi kwao.

Mgeni huongeza pato la taifa akiwa na nguvu. Uzee wake usipowekewa akiba, mzigo huwaangukia watoto na majirani. Zanzibar ilianza kulipa pensheni kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi Aprili 2016.

Kamati za sharika za Maramba ziwatambue wazee wa namna hii, na kuwasaidia kufuatilia vitambulisho. Asiye na karatasi ni vigumu kudai haki. Wafadhili wakumbuke nauli na matibabu yao.