Nyasi Kavu Kwanza: Jinsi ya Kumlisha Sungura wa Nyumbani

Kwa wakazi wa Nyamarambe, chakula cha sungura hakipatikani mbali. Kuna sukuma wiki shambani, majani ya kabeji sokoni na pelleti, yaani punje za chakula cha kiwandani, katika maduka ya mifugo. Hata hivyo, sungura anayeshiba vyakula hivi pekee anaweza kufura tumbo, kuharisha na kufa kwa muda mfupi. Tatizo huwa ni kipimo, kwani kinachopaswa kuwa kingi zaidi ni nyasi kavu.

Kwa nini nyasi kavu?

Meno ya sungura hukua maisha yake yote, na kutafuna nyasi ndiko huyapunguza. Nyuzinyuzi za nyasi pia husukuma chakula tumboni. Zikipungua, utumbo hupunguza mwendo na gesi hujaa. Sungura hawezi kutapika, hivyo hana njia rahisi ya kujiokoa.

Kipimo cha kila siku kwa sungura mzima

1. Nyasi kavu: Ziwepo mchana na usiku. Rundo lisipungue ukubwa wa mwili wa sungura mwenyewe. Nyasi za Boma Rhodes zinafaa.

2. Majani mabichi: Takriban kikombe kimoja kwa kila kilo ya uzito wake. Changanya aina mbalimbali, kama vile majani ya viazi vitamu, kishona-nguo na sukuma wiki kidogo. Kabeji isizidi, kwa kuwa huweza kuleta gesi.

3. Pelleti: Gramu 25 kwa kila kilo ya uzito. Sungura wa kilo 2 anatosheka na gramu 50. Wanaokua na wanaonyonyesha huhitaji zaidi.

4. Maji safi wakati wote.

Karoti na ndizi mbivu zina sukari nyingi, kwa hiyo mpe kipande kidogo tu mara mojamoja. Usimpe ugali, mkate wala mahindi. Kamwe usimpe majani ya parachichi, ya viazi vya kawaida au ya nyanya, kwa kuwa yana sumu. Watoto wanaokata majani waonyeshwe mimea hiyo mapema, hasa katika boma lenye miparachichi.

Msimu wa mvua

Majani yaliyolowa yakirundikwa kwenye gunia hupata joto na kuchacha. Yatandaze kivulini hadi maji yakauke, kisha ulishe siku hiyohiyo.

Nyasi za kuhifadhi zikatwe jua linapowaka, zinapoanza kutoa maua. Zianike na kuzigeuza kwa siku 2 au 3, kisha uziweke juu ya mbao, chini ya paa lisilovuja. Zikinuka uvundo au zikitoa vumbi la ukungu, usimpe sungura.

Dalili za kuangalia

Kinyesi cha kawaida ni cha mviringo, kikavu na chenye nyuzi za nyasi. Sungura pia hutoa kinyesi laini ambacho hukila mwenyewe moja kwa moja, na hilo si ugonjwa. Lakini kikibaki sakafuni au kikigandamana mkiani, huenda pelleti au vitu vitamu vimezidi. Vipunguze, uongeze nyasi.

Badilisha chakula polepole kwa siku 7 hadi 10, ukiongeza kipya na kupunguza cha zamani. Sungura aliyekatazwa pelleti ghafla anaweza kugoma kula.

Sungura asiyekula wala kutoa kinyesi kwa saa 12 yuko hatarini. Usisubiri kesho yake wala usimpe dawa za kubahatisha. Wasiliana mara moja na daktari wa mifugo au afisa wa mifugo wa wadi yako, na umweleze alichokula sungura huyo siku mbili zilizopita.