Jua la Bura na Picha za Majani: Kuwafunza Watoto Thamani ya Nafasi Tupu



Jua la Bura halihitaji kutafutwa. Tuko takriban digrii moja tu kusini mwa Ikweta, na katika siku za Machi na Septemba jua la adhuhuri husimama utosini hata kivuli cha mtu kikajikunja chini ya miguu yake. Tumezoea kulikimbia na kujibanza chini ya muarobaini. Wiki hii tunawaalika akina mama na watoto walitumie, maana jua hili ni mchoraji asiyedai ujira. Mama wengi wanaijua jioni ambayo mtoto hurudi kutoka shule na kazi ya sanaa, ilhali duka la jirani halina rangi wala brashi, au vyote vipo lakini pesa iliyobaki ni ya unga.

Kazi tunayoizungumzia ni picha ya kivuli: picha inayopatikana bila ya kamera. Jani huwekwa juu ya karatasi yenye rangi inayoathiriwa na mwanga, kisha huanikwa juani. Mahali palipofunikwa hubaki na hali yake, na mahali palipo wazi hubadilika. Jani likiondolewa, umbo lake linakuwa limekwisha kujiandika.

Ufundi huu una historia ndefu kidogo. Katika miaka ya 1830 Mwingereza William Henry Fox Talbot alikuwa akiweka majani na vipande vya lesi juu ya karatasi aliyoipaka dawa, na kuiacha juani. Mwaka 1842 mwenzake John Herschel alibuni dawa ya madini ya chuma ambayo hugeuka buluu ya kukoza ikipigwa na jua na kuoshwa kwa maji. Mwaka uliofuata, 1843, mwanamke aitwaye Anna Atkins aliitumia dawa hiyo kutoa sehemu ya kwanza ya kitabu cha picha za mwani wa Uingereza, kila mmea ukiwa mweupe juu ya bahari ya buluu. Kazi hiyo aliiendeleza kwa miaka kumi. Dawa hiyo hiyo ndiyo iliyotumika baadaye kunakili ramani za majengo kwa mistari myeupe juu ya karatasi ya buluu. Na karne nane kabla yao, Ibn al-Haytham, mwanachuoni mzaliwa wa Basra aliyefariki Cairo, alikwisha kueleza katika Kitab al-Manazir kwamba mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka. Hiyo ndiyo sababu ya kivuli kuwa na ukingo.

Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza juu ya hukumu ya picha. Tunakumbusha kwamba wanavyuoni, wakiegemea yaliyopokewa kutoka kwa Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu amridhie, wameruhusu picha za miti na vitu visivyo na roho. Jani la mkwaju halina uso, na picha yake haina utata.

Wala elimu ya kivuli si ngeni majumbani mwetu. Wazee wetu waliijua Alasiri kwa kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukiondoa kile kivuli cha adhuhuri. Kadhalika, mkono wa mwanamke anayepaka hina unajua jambo ambalo walimu wa sanaa hulifundisha kwa maneno mengi: ngozi iliyoachwa wazi ndiyo inayolifanya ua lionekane. Na anayeshona kofia kwa mkono hupanga vijitundu vyake kwa hesabu, kwa kuwa nakshi ya kofia ni vijitundu vyenyewe. Umbo lenyewe huitwa nafasi chanya, na uwazi unaolizunguka huitwa nafasi hasi. Moja haionekani bila ya nyingine.

Sasa tuingie kazini. Njia nyepesi ni kutumia karatasi za rangi za bei nafuu, zile ambazo hupauka zikibandikwa dirishani. Rangi za kukoza kama buluu na zambarau hufaa zaidi. Ikiwa hazipatikani, twanga majani ya spinachi katika kinu, ongeza maji kidogo sana, uchuje kwa kitambaa safi, kisha upake maji yake kwenye karatasi nyeupe isiyong'aa. Paka mara mbili au tatu, na kila mara uiache ikauke kivulini. Majaribio ya maji ya mimea ya namna hii yalifanywa pia katika miaka ya 1840 na Mary Somerville, mwanamke wa Uskochi aliyesifika kwa elimu ya sayansi.

Laza karatasi juu ya ubao. Panga majani yaliyokauka kidogo na kulalia vizuri, uyafunike kwa kioo cha fremu ya zamani kilichozungushiwa gundi ya karatasi ukingoni kisije kikakata vidole, na ukibane kwa vibanio vya nguo ili upepo usikisogeze. Anika palipo na jua kali, kisha watoto warudi kivulini. Waonywe wasilitazame jua lenyewe. Karatasi nyingine hupauka kwa saa chache, nyingine huhitaji siku mbili tatu, na ya spinachi yamkini zaidi. Chungulieni pembeni bila ya kulisogeza jani. Picha ikiwa tayari, ihifadhiwe ndani ya kitabu, maana jua lililoichora ndilo litakaloifuta ikiachwa nje.

Baada ya hapo ndipo mazungumzo yaanze. Mwulize mtoto: jani liko wapi, na mahali pasipo na jani pana umbo gani? Jani la mathenge ni mwalimu mzuri hapa, kwa kuwa vijani vyake vyembamba vimepangana kama meno ya kitana, na mianya baina yake nayo ni mchoro. Mtu mzima ndiye alichume, kwa sababu ya miiba. Mti huu uliletwa katika mradi wa umwagiliaji wa Bura katika miaka ya 1980 ili wakulima wapate kuni, na leo hakuna asiyeona jinsi ulivyojaza maeneo yaliyokuwa wazi: mifereji, malisho na njia za kwenda mtoni.

Neno hilo, "wazi", ndilo lililotufanya tuione kazi hii ya watoto kuwa kubwa kuliko inavyoonekana. Kila mkaazi wa bonde la Tana anaijua malka, ile njia iachwayo baina ya mashamba ili mifugo iufikie mto. Mkulima akiitazama huenda akaona ardhi tupu inayongoja jembe. Mfugaji akiitazama anaona uhai wa ng'ombe wake wakati wa kiangazi. Katika Delta ya Tana, kuelekea chini upande wa Garsen, mapigano ya mwaka 2012 baina ya wakulima na wafugaji yaliua watu zaidi ya mia moja, na ugomvi wa ardhi, maji na malisho ulikuwa miongoni mwa sababu zake. Waliozikwa walikuwa Wapokomo na Waorma, na wengi wao walielekea kibla kimoja.

Kwa hiyo tunapendekeza picha ya pili. Mtoto akate vipande vya karatasi ngumu viwe mashamba, alaze uzi mnene uwe mto, na baina ya mashamba aache mwanya uwe malka. Vikianikwa, mashamba yatabaki na rangi na malka itapauka, kana kwamba si kitu. Kisha achukue karatasi mpya, akate kipande chenye umbo la ule mwanya, akilaze peke yake karibu na uzi. Safari hii malka ndiyo itakayobaki na rangi, na mashamba ndiyo yatakayopauka. Wekeni picha hizo mbili ubavu kwa ubavu. Bonde ni lile lile, na mto ni ule ule. Kilichobadilika ni kile tulichoamua kukiita kitu na kile tulichoamua kukiita utupu. Mtoto wa miaka tisa ataelewa hilo haraka kuliko baraza la watu wazima, na hapaswi kungoja kuketi barazani ndipo alisikie.

Familia itakayopenda inaweza kuendelea hadi ipate kitabu chake: jani la mkunazi ambalo maiti zetu huoshewa, jani la mhina, ukuti wa mkoma, jani la pamba, la mpunga na la mkwaju. Chini ya kila picha liandikwe jina kwa Kiswahili, na kwa Kipokomo au Kiorma kama bibi anavyolitamka. Bibi akitaja mmea aliouchuma utotoni, na watoto wakautafuta wasiupate, msiuruke. Andikeni jina lake na muuache ukurasa mtupu. Siku moja mtu ataufungua, aulize kwa nini hapana picha, na swali hilo litakuwa limehifadhi kitu ambacho jani lenyewe halikuweza kukihifadhi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape watoto wetu macho ya kuviona vilivyopo, na haki ya vilivyoachiwa nafasi. Wabillahi tawfiq.