Kidonda Kisichofunga na Picha ya Sukari
Huko Gakindu, katika miteremko ya Mukurwe-ini ambako vidole vilivyokakamaa haviwezi kuchuma buni wala kukama ng'ombe, mwenye baridi yabisi ile inayotafuna viungo hushukuru, na ana haki ya kushukuru, apewapo methotreksati, dawa imezwayo mara moja tu kwa juma, ambayo huituliza kinga ya mwili iliyogeuka kuushambulia mwili wenyewe. Dawa hii imewarejeshea watu wengi mikono yao. Lakini kinga inayotulizwa ndiyo hiyo hiyo inayovizuia virusi vya Epstein-Barr, ambavyo vimejificha katika chembe nyeupe za damu za zaidi ya watu wazima tisa katika kila kumi.

Habari za virusi hivi zilianzia kwa jirani zetu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, tabibu mpasuaji wa Kampala, alieleza uvimbe wa taya za watoto. Vipande vyake vikapelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza kwamba wameviona virusi ndani yake. Burkitt alibaini pia kuwa uvimbe ule ni nadra katika nyanda za juu zenye baridi kama hizi zetu, ilhali virusi vyenyewe havikujali baridi wala mwinuko.

Kinga ikilegea kwa miaka mingi, virusi hivi huweza kuamka, na wachache miongoni mwa wagonjwa huota limfoma, saratani ya chembe hizo nyeupe, na pengine hujitokeza ngozini kama kinundu chekundu au kidonda kisichofunga, ambacho ni rahisi kudhaniwa jipu. Altrasaundi huonyesha kina chake na hali ya tezi zilizo karibu nacho; na skani ya PET, ambayo kwayo mgonjwa hudungwa sukari iliyotiwa florini yenye mnururisho, huangaza kila mahali penye chembe zenye uroho wa sukari. Florini hiyo hupungua kwa nusu kila dakika 110, haiwekeki ghalani, kwa hiyo mgonjwa wa Gakindu hana budi kuifuata Nairobi. Na hapa pana mtego: viungo vilivyovimba kwa baridi yabisi navyo hung'aa. Picha humwonyesha tabibu pa kukata. Jina la maradhi hutoka katika kipande cha nyama kilichotazamwa kwa darubini.

La ajabu, nami naliona kuwa rehema, ni kwamba tabibu akiisimamisha dawa, baadhi ya vimbe hizi hunywea zenyewe katika majuma machache, na picha ya pili ikilinganishwa na ya kwanza huthibitisha. Si zote zinyweazo, na viungo huweza kuwaka upya, ndiyo maana mgonjwa asijiachishe dawa mwenyewe. Bali aendapo kuonyesha kidonda, ataje pia dawa ya viungo, na miaka aliyoimeza.