Mafao ya Ulemavu Marekani Baada ya Miaka 50

Bima ya ulemavu ya Marekani ilianza kama bima ya watu wa makamo. Sheria aliyoitia saini Rais Dwight Eisenhower mwaka 1956 iliwalipa wafanyakazi wenye umri wa miaka 50 hadi 64 peke yao. Walio chini ya hapo waliingizwa mwaka 1960. Hadi leo umri una uzito mkubwa katika kuamua nani alipwe, na mwombaji asiyelijua hilo anaweza kukosa haki iliyo mikononi mwake.

Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii ina njia mbili za kulipa. Ya kwanza ni bima yenyewe, inayotokana na makato ya mshahara. Kwa kawaida mwombaji wa umri huu awe amekatwa kwa miaka 5 ndani ya 10 iliyotangulia ulemavu, na jumla ya miaka ya kazi hupanda na umri: miaka 7 kwa anayelemaa akiwa na 50, miaka 10 kwa aliyefika 62. Njia ya pili, iliyoanza kulipa mwaka 1974, ni msaada kwa wenye kipato na mali kidogo sana. Aliyetimiza 65 haulizwi ulemavu katika msaada huo, ingawa wasio raia wana masharti mazito zaidi.

Bima hiyo haidumu milele. Aliyekuwa akifanya kazi mfululizo hubaki na kinga kwa takriban miaka 5 baada ya kuacha. Mama aliyeacha kazi ili alee wajukuu, akaja kuomba miaka 7 baadaye, atalazimika kuthibitisha kwamba alilemaa kabla kinga haijaisha. Rekodi za hospitali za wakati ule ndizo zitakazomwokoa, kwa hiyo hazifai kutupwa.

Sheria haitambui ulemavu nusu. Maradhi lazima yamzuie mtu kufanya kazi ya maana, na yawe yamedumu au yatarajiwe kudumu miezi 12, au kuishia katika kifo. Kwa mwaka 2025, asiyekuwa kipofu anayepata zaidi ya dola 1,620 kwa mwezi kwa kazi yake alihesabiwa kuwa bado anaweza kufanya kazi.

Hapo ndipo umri unapoingia. Tangu mwaka 1979 mamlaka hutumia majedwali yanayolinganisha mambo manne: umri, elimu, ujuzi wa kazi na nguvu zilizobaki. Aliye chini ya miaka 50 huweza kuambiwa atafute kazi yoyote ya kukaa kitini, hata kama hajawahi kuifanya. Akifika 50, ikiwa anamudu kazi ya kukaa tu na hana ujuzi wa kuhamishia huko, kwa kawaida hukubaliwa. Akifika 55 kizingiti hushuka tena: hata anayeweza kusimama kutwa na kubeba kilo 9 mara mojamoja anaweza kukubaliwa, mradi hawezi kurudia kazi yake ya zamani na hana ujuzi wa kuhamia nyingine nyepesi.

Miaka hiyo michache ina maana kubwa. Kesi ya Heckler dhidi ya Campbell, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1983, ilimhusu mfanya usafi wa hoteli, mzaliwa wa Panama, aliyezuiwa kazi na mgongo na shinikizo la damu. Alionekana anamudu kazi nyepesi, na kwa kuwa alikuwa bado hajafika 55, majedwali yakamkatalia, mahakama ikayahalalisha. Kwa majedwali hayohayo, mtu wa hali yake aliyetimiza 55 angekubaliwa. Aliyebakiza siku au miezi michache kufika daraja linalofuata anaweza kufikiriwa kama ameshafika, na ni vizuri alitaje hilo waziwazi.

Kwa hiyo maombi hushinda au hushindwa kwenye maelezo ya kazi. Tangu Juni 2024 huangaliwa kazi za miaka 5 iliyopita, si 15 kama zamani. Anayeandika "msaidizi wa wazee" ameeleza nusu tu. Aandike kwamba alimwinua mgonjwa kutoka kitandani mara ngapi kwa zamu, uzito kiasi gani, na alisimama saa ngapi. Cheo kitupu kinaweza kumfanya afisa aione kazi ngumu kuwa nyepesi na kumrudisha mwombaji huko.

Fomu ya maisha ya kila siku nayo hujazwa ovyo, mara nyingi kwa aibu, maana wazee wengi hawapendi kuonekana wameshindwa. Swali la kupika likijibiwa "ndiyo", afisa atasoma hivyo. Ukweli kamili ungekuwa: anachemsha chai, anakaa chini baada ya dakika kumi, na kumenya viazi anamwachia binti yake kwa sababu vidole havikunji. Hiyo si kutia chumvi.

Daktari naye haitoshi kuandika kwamba mgonjwa hawezi kazi, kwa sababu uamuzi huo ni wa mamlaka. Barua yenye nguvu hutaja vipimo, kisha saa za kukaa na kusimama, kilo za kubeba, na hali ya mikono.

Ombi likikataliwa, kuna siku 60 za kukata rufaa: kwanza kupitiwa upya, kisha kusikilizwa na jaji. Kuanza ombi jipya badala ya rufaa kunaweza kupoteza malimbikizo ya miezi mingi. Wakili kwa kawaida hulipwa akishinda tu, robo ya malimbikizo isiyozidi kikomo, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 9,200. Mkalimani hutolewa bure, Kiswahili kikiwemo, na hakuna haja ya kumbebesha mtoto kazi hiyo. Hata hivyo, tangu Aprili 2020 kutojua Kiingereza hakuhesabiwi tena kuwa upungufu wa elimu.

Malipo ya bima huanza baada ya miezi 5 kamili ya ulemavu, na bima ya matibabu ya Medicare hufuata baada ya miezi 24 ya kustahili mafao. Aliyezaliwa mwaka 1960 au baadaye akichukua pensheni ya uzee akiwa na 62 hupata asilimia 70 tu ya stahili yake. Anayekubaliwa kwa ulemavu bila kuigusa pensheni hiyo hulipwa stahili kamili, na akitimiza 67 malipo hayo hugeuka pensheni bila kupungua. Aliyelemaa kabla ya umri huo aombe mafao ya ulemavu mapema, asikimbilie pensheni pungufu peke yake.