Goma: Pareshoki ikipasuka, fundi asome kwanza herufi za nyuma

Katika mji wa Goma, gari halihitaji kugongana na lingine ili pareshoki yake ipasuke. Ukiacha barabara kubwa za lami na kuingia avenue za ndani, magurudumu yanapanda juu ya mawe meusi, yale ambayo volkano Nyiragongo iliyaacha mjini ilipotapika moto Januari 2002. Jiwe moja lililoinuka kidogo linatosha. Plastiki ya chini inagonga, inalia, na kesho yake mwenye gari anaona ufa uliopanda kuelekea kwenye taa.

Magari mengi yanayotembea hapa ni ya zamani. Yalifanya kazi miaka mingi huko Japani kabla ya kupitia bandari ya Mombasa ao Dar es Salaam, na usukani wake ungali upande wa kuume. Plastiki ya gari kama hilo imekula jua muda mrefu. Imekauka, imekuwa na rangi ya majivu, haipindi tena. Kupata pareshoki mpya ya mfano wa zamani ni shida, na ile ya okazio, iliyotolewa kwenye gari lingine, mara nyingi inafika ikiwa na ufa wake pia. Ndiyo maana watu wengi wanaomba ile yao itengenezwe.

Kwa wengi, dawa ya kwanza ni kole ya haraka. Ya pili ni kuyeyusha kipande cha bidoni ya manjano na kukidondosha juu ya ufa. Jioni kazi inapendeza. Lakini gari likipita tena kwenye mawe, ile dawa inabanduka nzima nzima kama gamba, na ufa unabaki palepale, pengine umerefuka. Mwenye gari anasema fundi amemwibia, fundi naye anasema barabara ni mbaya. Kumbe kosa ni la plastiki yenyewe: hizo mbili si za jamii moja.

Kila plastiki ya gari, ukiigeuza nyuma, mara nyingi ina herufi ndogo zilizochapwa. Pareshoki nyingi zimeandikwa PP, wakati mwingine PP+EPDM, maana yake imechanganywa na mpira ili isivunjike upesi. Bidoni ya mafuta kwa kawaida ni HDPE, na chini yake kuna namba 2 ndani ya pembe tatu. PP inayeyuka karibu na digri 160, HDPE karibu na 130. Zikiyeyushwa pamoja zinalaliana tu, hazishikani. Kole ya kawaida nayo haishiki PP vizuri. Inakauka juu yake na kubanduka. Kinachofaa ni kipande cha PP: ukanda uliokatwa kwenye pareshoki iliyokufa, ao basani lililovunjika, mradi lina namba 5 chini yake.

Kazi yenyewe haina uchawi, ila haitaki haraka. Plastiki inaoshwa kwa sabuni mpaka matope na mafuta yaishe. Kwenye ncha ya ufa fundi anatoboa tundu dogo, kama milimita 3, ili ufa usiendelee kukimbia. Hapa ndipo wengi wanaruka hatua, na ndipo kazi inakufa. Kisha anachimba mfereji mwembamba kufuata ufa, na kwa chuma cha moto anayeyusha pande mbili pamoja na ule ukanda, mpaka vyote viwe kitu kimoja. Upande wa nyuma anazamisha kipande cha wavu wa chuma ndani ya plastiki laini, kama nondo ndani ya beto. Chuma kikiwa cha moto kupita kiasi, plastiki inaungua, inakuwa nyeusi na dhaifu, na moshi wake si wa kuvuta: kazi hii ifanywe nje, watoto wakae mbali.

Grili ya mbele na kifuniko cha kioo cha pembeni mara nyingi ni ABS. Hiyo inakubali njia nyingine: vipande vidogo vya ABS vinalowekwa ndani ya asetoni mpaka viwe uji, na uji huo unajaza ufa. Asetoni inashika moto upesi sana, kwa hiyo isiwekwe karibu na babula. Kwa PP njia hii ni bure, kwa sababu asetoni haiiyeyushi.

Kuhusu rangi, heri plastiki ibaki nyeusi yenye alama ya kovu kuliko kupakwa rangi bila dawa ya kwanza ya plastiki. Ikipakwa hivyo itabanduka.

Kuna pareshoki ambayo fundi anapaswa kuikataa: ile ambayo masikio yake ya kufungia yamekatika yote. Kuifunga kwa waya ni hatari. Ikiachia njiani inaingia chini ya gurudumu, ao inaangukia mbele ya mwenye pikipiki anayefuata. Na kabla ya kurudisha plastiki, ile bara ya chuma iliyo nyuma yake iangaliwe. Ikiwa imepinda, plastiki nzuri itaficha tu ubaya.

Pareshoki hizo zilizokataliwa, fundi mwenye akili hazitupi. Anazikatakata kuwa kanda nyembamba na kuzitia ndani ya mfuko, PP peke yake, ABS peke yake, akingojea gari lingine.